Corolla 110 inachemsha Kitonga, maji yanapungua na hakuna tone chini: nianze wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu, naishi Morogoro. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A. Mjini gari halinisumbui, lakini kila nikienda Iringa kwa wazazi, nikianza kupanda Kitonga mshale wa joto nao unapanda. Maji yanapungua kama nusu lita kila baada ya siku mbili, na chini ya gari sioni hata tone. Asubuhi likiwaka linatetemeka kama sekunde kumi, halafu linatulia. Fundi wa kwanza alitoa themostati akaitupa, wa pili akaniuzia rejeta ya mtumba, wa tatu anasema hedi, yaani kichwa cha injini, ifunguliwe. Fedha zimekwisha na gari bado linachemsha. Nianze wapi?

Jibu: Mwalimu, pole sana kwa gharama, na pole kwa kusimama juani pale mlimani boneti ikiwa wazi. Nakujibu kwa urefu kwa sababu gari lako limeshakueleza mengi, ila kila fundi aliyelishika alisikia neno moja tu kati ya matatu.

Huyo fundi wa tatu huenda yuko sahihi. Maji yanayopotea bila kuonekana, gari linalotetemeka asubuhi na joto linalopanda likibeba mzigo, hayo matatu yakikutana fundi yeyote huifikiria gasketi ya silinda hedi, lile bamba jembamba linaloziba kati ya hedi na bloku. Lakini hajapima. Na hata kama gasketi imeungua kweli, mara nyingi haiungui yenyewe. Kuna kitu kilichochemsha injini kwanza. Ukifungua hedi, ukaweka gasketi mpya na ukakiacha kitu hicho palepale, baada ya miezi michache utarudi kunilalamikia. Kwa hiyo kabla ya kununua kifaa chochote, tafuta jibu la swali moja: maji yanakwenda wapi?

Tuanze na saa ya kuchemka, kwa kuwa hiyo haina gharama. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa likishika kasi lina tatizo la upepo, yaani feni haizunguki au inachelewa. Gari linalovumilia foleni lakini likachemsha kwenye mwendo mkubwa au mlimani lina tatizo la maji: ni machache, hayazunguki vya kutosha, yamekosa presha, au moto wa silinda unaingia ndani yake. Lako ni la kundi la pili. Feni usiisumbue sana. Ukitaka kuondoa shaka, washa swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, kisha chomoa plagi ya waya ya swichi ya joto ya feni. Kwenye Corolla hizi, ukiichomoa feni inatakiwa kuanza kuzunguka papo hapo. Ikizunguka, feni, fyuzi na rilei ni nzima. Irudishe plagi mahali pake.

Sasa themostati. Najua kauli ya gereji: nchi yetu ni ya joto, kifaa hicho ni cha watu wa baridi, kitoe. Kauli hiyo imeua injini nyingi, na kwenye injini za Toyota za jamii ya A kosa lake ni kubwa zaidi. Maji yakitoka kwenye injini yana njia mbili: kwenda kwenye rejeta yapoe, au kukata mkato na kurudi moja kwa moja kwenye pampu. Themostati ya injini yako ina vizibo viwili katika kifaa kimoja. Cha kwanza kinapofunguka kuruhusu maji ya rejeta, cha pili kinaziba ile njia ya mkato. Ukiitoa, mkato unabaki wazi saa zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani bila kuonja rejeta. Mwongozo wa matengenezo wa Toyota wenyewe unakataza kuitoa hata kama gari linachemsha, kwa sababu upoaji unapungua. Mjini hutaona tofauti. Ukifika Kitonga, ambako injini inatoa joto lake lote, utaiona.

Kuna hasara nyingine ya kimyakimya. Ukiendesha polepole bila themostati, maji hayafiki joto linalotakiwa. Kompyuta ya injini ikipima na kukuta maji ni ya baridi, hudhani gari ndiyo kwanza limewashwa, ikaongeza petroli. Mafuta yanaisha haraka, plagi za kuwasha moto kwenye silinda zinakuwa nyeusi, na petroli inaingia kwenye oili.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua ni themostati, na uipime kabla haijafungwa, maana zipo mpya za dukani ambazo hazifunguki kabisa. Chukua sufuria ya maji, itundike themostati kwa uzi katikati ya maji isiguse kitako, weka jikoni pamoja na kipimajoto. Ya injini yako huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84 za Selsiasi, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Kama huna kipimajoto, angalia tu kwamba imeachia mdomo kabla maji hayajatokota, na kwamba ukiitoa ikapoa inafunga kabisa. Utaona kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza. Hicho kikae juu wakati wa kufunga, ndiko hewa inakotokea.

Kifaa cha pili ni mfuniko wa rejeta, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi huuona kama kizibo cha chupa. Maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 100 ukiwa Dar es Salaam. Iringa, iliyo kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Injini ikifanya kazi nzito inafika hapo kwa urahisi. Mfuniko wenye alama ya 0.9 unabana presha hadi maji ya pwani hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Springi ikilegea au mpira wa ndani ukipasuka, faida yote hiyo inapotea, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyopotea zaidi. Gari linaloishi vizuri Morogoro mjini linaweza kuchemsha Kitonga kwa sababu ya mfuniko tu.

Na mfuniko una kazi nyingine. Maji yakipata moto hutanuka, yakausukuma mfuniko na kwenda kwenye chupa ya akiba. Yakipoa, kiziba kidogo cha katikati kinafunguka na kuyavuta yarudi. Kiziba hicho kikikwama, au kijimpira kiendacho kwenye chupa kikiwa na ufa, maji yanatoka lakini hayarudi. Miaka mingi iliyopita mteja mmoja aliniletea gari la aina yako likipoteza maji bila kuvuja. Nililiangalia harakaharaka, nikamwambia rejeta imekufa, akanunua nyingine. Baada ya wiki mbili alirudi, hali ileile. Safari hiyo nilikaa chini asubuhi gari likiwa la baridi. Chupa ilikuwa imejaa mpaka juu, rejeta haikuonyesha maji. Kijimpira kilikuwa na ufa mdogo pale kinapochomekwa shingoni mwa rejeta, ufa ambao haukuonekana mpaka nilipokikunja. Kila usiku kilivuta hewa badala ya maji. Nilimrudishia fedha yake ya ufundi, na tangu hapo sigusi gari linalochemsha kabla ya kuliona likiwa limelala usiku kucha.

Ndiyo maana kesho asubuhi, kabla hujawasha, nakuomba ufanye hivi. Gari likiwa baridi kabisa, fungua mfuniko taratibu na usikilize. Ukisikia presha inatoka "fyuu" ilhali injini imelala kwa saa kumi, kuna presha ambayo haikuletwa na joto la maji, na hiyo ni dalili ya gesi ya silinda. Isiposikika, chungulia ndani: maji yako mdomoni kabisa, au yako chini huku chupa imejaa? Uonapo chupa imejaa na rejeta imepungua, mtuhumiwa wa kwanza ni mfuniko au kijimpira, na kabla ya kuvimaliza hivyo hedi hatuigusi. Vyote viwili vikiwa vimepungua, maji yametoka nje ya gari au yameunguzwa ndani ya injini. Angalia pia mpira mkubwa wa juu wa rejeta. Kama umejifyonza na kubonyea, kiziba cha kuvuta cha mfuniko kimekufa.

Kuhusu kutoona tone chini, hilo lisikutulize. Maji yanayovuja yakiwa na presha kwenye chuma cha moto hukauka kabla ya kufika ardhini. Wewe tafuta alama yake: ukoko mweupe, au wa kijani au mwekundu kama ulikuwa na kulanti (maji maalumu ya rangi ya kupoza injini), ulioganda pembeni mwa kiungo. Pitisha tochi kwenye mishono ya rejeta pale plastiki inapokutana na alumini. Rejeta yako ni ya mtumba, na plastiki iliyozeeka hugeuka kahawia na kupata nyufa nyembamba kama unywele. Angalia pampu ya maji kwa chini, ina kitundu kidogo. Kitundu hicho kimewekwa makusudi, sili ya ndani ikifa maji yatokee hapo. Ukiona michirizi mikavu, pampu inaaga. Kisha inua zulia la mbele upande wa abiria, weka kiganja. Likiwa na unyevu wenye utelezi na harufu ya utamu, rejeta ndogo ya hita inavuja ndani ya gari. Na kama hita yako haifanyi kazi, angalia kama kuna fundi aliyeunganisha mipira yake miwili ikapita kando. Magari mengi ya Dar yamefanyiwa hivyo.

Ukipata gereji yenye pampu ya mkono ya kupimia presha ya rejeta, itumie. Inafungwa mahali pa mfuniko, unapampu hadi presha ya mfuniko wako, unaangalia geji. Ikishuka, kuna mahali panapitisha, na unapatafuta huku gari limezimwa, hakuna feni wala mvuke wa kukusumbua. Usizidishe presha iliyoandikwa kwenye mfuniko, utapasua kilichokuwa kizima.

Tufike kwenye kutetemeka asubuhi, ambako ndiko kesi yako itaamuliwa. Mafundi wengi wakisikia maji yanapungua na gari linatetemeka, wanasema moja kwa moja kwamba maji yameingia kwenye silinda usiku. Inawezekana. Lakini 5A ina ugonjwa wake maarufu unaotoa dalili ileile: mipira ya duara inayozunguka mashimo ya plagi chini ya kifuniko cha valvu hukauka, oili inajaa kwenye mashimo, na umeme unaponyoka badala ya kuruka kwenye plagi. Gari hutetemeka likiwa baridi. Chomoa waya za plagi moja moja uangalie ncha zake. Zikitoka zinang'aa oili, badilisha mipira hiyo pamoja na gasketi ya kifuniko cha valvu, futa mashimo, kisha angalia kama mtetemo umebaki. Ni kazi ya saa chache na haihitaji kugusa hedi.

Sababu nyingine ni sensa. Injini hii ina vifaa vitatu vinavyopima joto la maji, na watu huvichanganya. Kimoja chenye waya mmoja kinaupeleka mshale wa dashibodi. Kingine ni ile swichi ya feni. Cha tatu chenye waya mbili kinaiarifu kompyuta, ndicho kinachoamua petroli ya asubuhi. Kama hicho cha tatu kinadanganya, gari litaamka vibaya. Gari lako linaweza kukwambia bila mashine yoyote. Ndani ya boneti tafuta kiboksi cheusi chenye neno DIAGNOSIS (upimaji) juu yake, ukifungua kifuniko utakuta ramani ya matundu. Unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, utazame taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni 22, nayo inamaanisha sensa ya joto ya kompyuta au waya zake. Hesabu mara tatu kabla ya kuamini.

Sasa fungua plagi zote nne, uzipange juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zake. Huu ndio ushahidi ninaoupenda kuliko wote. Tatu zitakuwa na rangi ya kahawia au nyeusi kidogo, kutegemea petroli unayochoma. Kama moja ni safi kupita kiasi, kaure yake nyeupe kana kwamba imesuguliwa kwa majivu, silinda hiyo inaoshwa na mvuke kila siku. Maji ndimo yanamokwenda.

Thibitisha kwa njia ya pili. Gari likiwa baridi, jaza rejeta, funga mfuniko, washa, na ndani ya dakika moja ya kwanza bonyeza mpira wa juu. Maji bado ni ya baridi, kwa hiyo mpira unapaswa kuwa laini. Ukiwa mgumu kama jiwe, gesi ya mlipuko inaingia kwenye maji. Au acha mfuniko wazi, washa, utazame mdomo wa rejeta: mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki, lakini yakiendelea bila kukoma na kuongezeka ukikanyaga mafuta, hiyo si hewa ya kawaida. Baadhi ya gereji zina dawa ya buluu ambayo hunyonyeshwa hewa ya juu ya maji ya rejeta na kugeuka njano ikikutana na gesi ya ekzosi. Kama Morogoro ipo, ilipie, ni nafuu kuliko kufungua hedi kwa kubahatisha.

Kipimo cha kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, nacho kisikose. Silinda zote nne zikaribiane, tofauti isizidi kama kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika katikati yao. Ila ujue gasketi inaweza kupitisha maji na bado kompresheni ikawa nzuri, kwa hiyo matokeo mazuri hapa hayafuti ushahidi wa plagi na mapovu.

Onyo moja kabla hujaendelea. Ukiwasha asubuhi ukasikia stata inagonga na kusimama ghafla kana kwamba injini imeshikwa, usilazimishe, na asikusukume mtu ili uliwashe kwa gia. Huenda silinda ina maji, na maji hayabanwi kama hewa. Utapinda mkono wa pistoni. Chomoa plagi ya waya ya distributa umeme usitoke, toa plagi zote, jiweke kando, zungusha stata. Kama ni maji, yataruka kutoka kwenye tundu moja, na hapo umepata jibu lako lote kwa mpigo.

Kama ushahidi umekamilika na hedi lazima ifunguliwe, msimamie fundi mambo machache, usiyaache hata kwa kuona aibu. Hedi yako ni ya alumini na bloku ni ya chuma cha kalibu, vinatanuka kwa viwango tofauti, ndiyo maana injini iliyochemka hupinda hedi. Ipimwe kwa rula nyoofu ya chuma na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), urefu, upana na mshazari. Upande unaokaa kwenye bloku kikomo chake ni milimita 0.05. Ikizidi, iende karakana ya mashine ikasawazishwe uso, na kabla ya kusawazishwa ipimwe nyufa kwa presha, usije ukalipia kusawazisha hedi iliyopasuka. Matundu ya bolti kwenye bloku yakaushwe, maji au oili ikibaki chini ya bolti inaweza kupasua bloku wakati wa kukaza. Bolti zikazwe kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana ya kupimia mkazo. Fundi akikwambia mkono wake unatosha, tafuta mwingine. Ili hedi itoke mkanda wa taimingi lazima uondolewe, na kama hujui umetembea kilomita ngapi weka mpya hapohapo, Toyota iliuhesabia kilomita 100,000. Oili na filta vibadilishwe hata kama oili haijageuka rangi ya chai ya maziwa.

Na kama ushahidi unaisafisha gasketi, rudi kwenye mzunguko wa maji. Ile rejeta ya mtumba siiamini mpaka ipimwe. Endesha gari lipate moto kamili, zima, vua plagi ya waya ya mota ya feni (si ile ya swichi ya joto) isije ikakukata, kisha pitisha kiganja karibu na matundu yake kutoka upande hadi upande. Joto lishuke taratibu. Ukikuta eneo la baridi katikati ya moto, mirija ya hapo imeziba. Angalia pia kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi. Pale hujaa wadudu, manyoya na vumbi, na ukitazama kwa mbele huoni chochote. Osha kwa maji kutokea upande wa injini kwenda mbele, kwa presha ndogo, mapezi yasilale. Mpira wa chini wa rejeta ubinye kwa mkono: ukiwa umelegea, pampu huunyonya ukabana kwenye mwendo mkubwa. Na pampu ya 5A inazungushwa na mkanda wa nje, uleule wa altaneta, kwa hiyo mkanda uliolegea unateleza hasa injini ikizunguka kwa nguvu. Hayo yote yana tabia ya gari lako: mjini kimya, mlimani matatizo.

Nisisahau maji yenyewe. Ukipita karibu na Pwani ukajaza maji ya kisima, mengi yana chumvi, na chumvi huganda ndani ya mirija kama ukoko wa kwenye birika huku ikila alumini ya hedi. Nunua kulanti ya Toyota au inayolingana nayo, kama ni ya kuchanganya weka nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya bomba. Dawa za kuziba uvujaji usizitie. Zinaziba kila kijia chembamba zinachokikuta, na rejeta imejaa vijia vyembamba.

Wakati wa kujaza, paki pua ya gari ikiwa imeinuka kidogo, weka hita kwenye moto wa mwisho, jaza taratibu huku ukibinyabinya mpira wa juu. Washa bila mfuniko hadi themostati ifunguke. Utaona maji yanashuka ghafla na mapovu kutoka, ongeza. Mfumo wote unabeba kati ya lita 5 na 6. Kama mfumo ulikuwa mtupu kabisa nawe umeingiza 3 tu, hewa imebaki ndani.

Likikuchemkia barabarani kabla hujamaliza haya, fanya hivi. Zima kiyoyozi, weka hita kwenye moto wa mwisho na feni yake kwa kasi, hata kama mtakaa mnatokwa jasho, maana hita ni rejeta ya pili. Punguza mwendo. Mshale usiposhuka, tafuta pa kusimama salama, Kitonga ina kona na malori mazito, usisimame kwenye kona. Zima, fungua boneti, usiguse mfuniko kwa angalau dakika 30. Maji ya baridi usiyamwage juu ya injini wala kuyaingiza kwa haraka ndani ya hedi ya moto. Na ukiona mshale ulikuwa juu kisha ukaanguka ghafla mpaka kwenye baridi huku harufu ya moto imezidi, usifurahi. Sensa imebaki kwenye mvuke, maji yamekwisha, zima hapohapo.

Kwa mpangilio wa mfuko wako basi: wiki hii weka themostati iliyopimwa, mfuniko mpya wa kiwango kilekile kilichoandikwa kwenye wa zamani, na kijimpira cha chupa. Vitatu hivyo kwa pamoja ni nafuu kuliko rejeta uliyouziwa. Safisha mashimo ya plagi. Kisha chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye chupa ya akiba, gari likiwa baridi, na uutazame kila asubuhi kabla ya kwenda shule kwa siku 7. Maji yakibaki kwenye mstari na mtetemo umeondoka, lijaribu kwanza kwenye mwinuko mfupi karibu na nyumbani ndipo uende Iringa. Yakiendelea kushuka, mpelekee yule fundi wa tatu zile plagi nne, kila moja imeandikwa namba ya silinda yake, umwambie nini umepima na umeona nini. Mkubaliane bei ya hedi mkiwa mmesimama mbele ya ushahidi huo.